Chiriku wa Laysan: Ndege Mwenye Kisiwa Kimoja



Mpenzi msomaji, mtu akiwa msemaji sana hatuchelewi kumwita chiriku. Jina hilo tumelichukua kwa ndege wadogo wala mbegu, wenye mdomo mfupi na mnene, ambao wakikusanyika mtini huwa hakuna kunyamaza. Jamii ya chiriku ni kubwa na imetapakaa karibu dunia nzima. Wengi wao wana nafasi ya kutosha: ukame ukiingia huku, huruka wakaenda kule. Lakini wako wachache ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia kipande kimoja tu cha ardhi katikati ya bahari, na kwingine hawana. Leo tutamtazama mmoja wao, naye ni chiriku wa Laysan. Katika kisa chake mna mambo mawili ambayo ni vizuri mwanafunzi ayajue. La kwanza ni namna kiumbe anavyoweza kuishi mahali ambapo ungedhani hapaishiki. La pili ni namna jambo moja alilolifanya binadamu kwa ajili ya biashara yake, wala si kwa uadui na ndege, lilivyokaribia kummaliza.

KISIWA CHENYEWE

Fungua ramani ya dunia uitazame Bahari ya Pasifiki. Katikati yake utaviona visiwa vya Hawaii, ambavyo ni sehemu ya Marekani. Vile vikubwa vyenye miji na watu viko upande wa kusini-mashariki. Ukiviacha hivyo ukaelekea kaskazini-magharibi, utaingia katika mstari mrefu wa vijisiwa na miamba ambavyo ramani nyingi hazivionyeshi kabisa. Laysan ni kimojawapo. Kiko kiasi cha kilomita 1,500 kutoka mji wa Honolulu, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 4 hivi. Mtu mwenye miguu mizuri akianza kukizunguka baada ya Alasiri, kabla ya Magharibi atakuwa amerudi pale alipoanzia.

Ni kisiwa cha mchanga na matumbawe. Hakina mlima wala mto, na sehemu yake ya juu kabisa ni mita 12 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Katikati kuna ziwa ambalo maji yake ni ya chumvi kuliko hata ya bahari. Wenyeji wa Hawaii walikiita Kauō, yaani yai.

Usidhani basi kwamba ni mahali pakiwa. Laysan ina makelele usiku na mchana, kwa sababu ndege wa baharini hufika hapo malaki kwa malaki kutaga na kulea. Wapo albatrosi wenye mbawa ndefu mno, wapo membe wa aina mbalimbali, na wapo wale wanaochimba mashimo mchangani wakalala humo kama panya. Kasa na sili hupanda ufukweni kupumzika. Na humo ndani, kwenye mafungu ya nyasi, ndimo alimo chiriku wetu.

SURA YAKE NA MAISHA YAKE

Chiriku wa Laysan ana urefu wa sentimita 19 hivi kutoka mdomo hadi mkia. Dume ana kichwa na kifua cha rangi ya manjano iliyoiva, shingo yenye ukosi wa kijivu, na tumbo jeupejeupe. Jike na wale wadogo wana michirizi ya kahawia, na manjano yao ni hafifu. Jina lake la kisayansi ni Telespiza cantans, na hilo neno la pili ni la Kilatini lenye maana ya "mwenye kuimba". Jina halikukosea. Dume huimba wimbo mrefu wenye milio mingi, na wasafiri wa zamani walimfananisha na ndege wa kufugwa wa nyumbani.

Lakini cha kumtazama hasa ni mdomo. Ni mnene, una nguvu, na ncha ya juu imepinda kidogo kama ndoano. Mdomo wa namna hii unaweza kupasua mbegu ngumu, kung'oa shina, kuchimba mchangani na kutoboa yai. Hayo yote huyafanya. Anakula mbegu za nyasi, machipukizi, majani mateke, maua, wadudu na mabuu. Membe akiondoka kwenye kiota chake hata kwa muda mfupi, chiriku hufika, akagonga yai mpaka likatoboka, akanywa kilichomo. Mzoga wa albatrosi ukiwa umeoza na kujaa funza, naye yupo. Kwa ufupi, si mchaguzi wa chakula. Mwenye kupenda ndege wapole pengine atachukizwa na tabia hiyo, lakini naomba uikumbuke, kwa sababu mbele ya safari tutaona kuwa huenda ndiyo iliyomwokoa.

Kiota chake hukijenga ndani ya mafungu makubwa ya nyasi, ambayo humpa kivuli na kumkinga na upepo. Jike hutaga mayai matatu hivi, akayaatamia kwa muda wa siku 16, na wakati huo dume humletea chakula pale alipo. Jua la Laysan ni kali na kivuli ni kidogo, kwa hiyo fungu la nyasi kwa chiriku ni nyumba hasa, si pambo.

Tena ni ndege asiye na woga. Kisiwani kwake hakukuwa na paka, wala kicheche, wala nyoka, wala mtoto mwenye manati. Basi hakuwa na haja ya kujifunza kukimbia. Watu waliofika huko wameeleza jinsi chiriku wanavyoingia hemani na kuchungulia sufuria kana kwamba ni wenye nyumba, na kwa kweli ndio wenye nyumba.

ALITOKA WAPI?

Huenda ukajiuliza, ndege mdogo kama huyu alifikaje katikati ya bahari? Wataalamu waliolinganisha vinasaba vyake na vya ndege wengine wanasema asili yake ni chiriku wa bara la Asia, wa kundi ambalo madume yao huwa na rangi ya waridi. Miaka mingi iliyopita, wanakadiria zaidi ya milioni 5, kundi la ndege hao lilifika Hawaii, pengine kwa kusukumwa na upepo. Kutokana na hao wakapatikana aina zaidi ya 50, kila moja na mdomo wake: wengine mdomo mrefu uliopinda wa kunyonya maua, wengine mwembamba wa kutafuta wadudu magomeni, na wengine mnene wa kupasulia mbegu. Zaidi ya nusu ya aina hizo leo hazipo tena duniani.

Na huyu wetu hakuwa wa Laysan peke yake tangu zamani. Mifupa yake ya kale imefukuliwa katika visiwa vikubwa vya Oahu na Molokai. Maana yake alikuwa na makao mengi, yakatoweka moja baada ya jingine, ikabaki Laysan. Tunapomwita ndege wa kisiwa kimoja, tujue kwamba hicho ni kisiwa kilichobaki.

SUNGURA WANAINGIA

Mnamo miaka ya 1890 watu walianza kuishi Laysan kwa ajili ya guano, yaani samadi ya ndege wa baharini iliyorundikana kwa miaka mingi. Samadi hiyo ilikuwa na bei nzuri kwa wenye mashamba. Msimamizi wa kazi hiyo alikuja kuwa Max Schlemmer, mtu aliyezaliwa Ujerumani, aliyekaa kisiwani na familia yake hata watu wakampachika jina la mfalme wa Laysan. Guano ilipokuwa inakaribia kwisha, akafikiria biashara nyingine. Mwaka 1903 hivi akaleta sungura, akiwa na nia ya kuwafuga na kuuza nyama yao ya makopo.

Wanafunzi wengi wamefuga sungura nyumbani, kwa hiyo hesabu hii si ngeni kwenu. Sungura jike hubeba mimba mwezi mmoja tu, akazaa watoto kadhaa kwa mkupuo, na baada ya muda mfupi anaweza kubeba tena. Watoto wake nao baada ya miezi michache huanza kuzaa. Nyumbani tunachinja, tunauza, tunagawa, na paka na mwewe nao hupata fungu lao. Laysan hakukuwa na mwewe wala paka, na ile biashara ya makopo haikwenda popote. Sungura wakaachwa na kisiwa kizima cha nyasi mbele yao.

Katika miaka hiyohiyo likaja balaa jingine. Ng'ambo kulikuwa na mtindo wa wanawake kuvaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege, na manyoya yakawa na soko. Wawindaji walishushwa Laysan wakawaua albatrosi malaki, wakawakata mbawa na kuwaacha. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alivitangaza vijisiwa hivyo kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1909, na mwanzoni mwa mwaka 1910 meli ya serikali iitwayo Thetis iliwakamata wawindaji 23 hapo Laysan. Uwindaji ule ulikuwa ukatili wa wazi, nao ulikomeshwa kwa meli moja na amri moja. Sungura hawakamatiki kwa amri.

Serikali iliwatuma watu katika msimu wa baridi wa 1912 na 1913 wawaue. Waliwaua zaidi ya 5,000, risasi zikawaishia, wakarudi walikotoka. Sungura waliobaki walianza upya.

MWAKA 1923

Watu hawakurudi kwa nguvu tena mpaka Aprili 1923, ilipofika meli iitwayo Tanager ikiwa na wataalamu chini ya Alexander Wetmore. Walichokikuta ni jangwa. Aina za mimea zaidi ya 20 zilikuwa zimekwisha kabisa. Yale mafungu ya nyasi, ambayo tulisema ni nyumba ya chiriku, hayakuwapo. Na hapa tuelewe vizuri madhara yake. Mzizi wa nyasi ndio unaoushika mchanga. Nyasi zikiliwa mpaka mzizi, mchanga unakuwa huru, na upepo ukivuma huubeba ukaufukiza kila kitu. Kwa hiyo hata mmea uliosalimika na meno ya sungura uliweza kuzikwa na mchanga, na ndege aliyekosa pa kujikinga alipigwa na mchanga ule akafa.

Kisiwani palikuwa na ndege wa nchi kavu wa aina tano wasiopatikana kwingine. Mmoja ni ndege mdogo mla wadudu wa vichakani. Tanager ilipofika alikuwa amekwisha. Wa pili ni apapane wa Laysan, ndege mwekundu mnyonya maua, aliyetoka katika asili moja na chiriku wetu. Wa huyo walionekana watatu tu. Mmoja wa wasafiri, Donald Dickey, aliwahi kumpiga picha ya sinema akiwa anaimba. Kisha ikapiga dhoruba ya mchanga kwa siku kadhaa, na ilipotulia hawakuonekana tena, si wakati ule wala baadaye. Sinema ipo mpaka leo. Unamwona ndege akifungua mdomo na kuutikisa mwili kwa wimbo, lakini sinema za wakati ule hazikuwa na sauti.

Wa tatu alikuwa ndege mdogo asiyeruka, mkimbiaji wa kwenye nyasi. Naye kisiwani alikuwa amefikia ukingoni, na baada ya muda mfupi akatoweka hapo. Tutamrudia. Wa nne ni bata wa Laysan, ambaye idadi yake ilishuka mpaka ikahesabika kwa vidole, akanusurika kwa neema ya Mungu.

Wa tano ni chiriku. Walikuwa wamebaki wachache sana, lakini walikuwepo. Kwa nini yeye na si yule mwekundu? Yule mwekundu alitegemea maua na wadudu wa kwenye majani, na maua yakiisha hana pengine pa kugeukia. Chiriku akikosa mbegu alikuwa na mayai ya membe; akikosa mayai ana mabuu; akikosa mabuu ana mzoga. Ndege wa baharini huleta chakula chao kutoka baharini, ambako sungura hafiki, na chiriku alikula kutokana na hao. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kisa inayostahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu tabia ileile inayotufanya tumwone mwizi wa mayai ndiyo iliyompitisha katika miaka ya njaa.

Watu wa Tanager waliwaua sungura waliobaki mpaka wa mwisho. Mbegu zilizokuwa zimefukiwa zikaota, nyingine zikaletwa, na mchanga ukaanza kushikwa tena. Chiriku wakaongezeka pamoja na nyasi, mwaka kwa mwaka.

AKIBA ILIYOPOTEA MIDWAY

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1891, kabla ya sungura, watu waliwachukua baadhi ya ndege wa Laysan wakawapeleka Midway, visiwa vilivyo zaidi ya kilomita 600 kuelekea kaskazini-magharibi. Chiriku walikuwamo, na yule mkimbiaji asiyeruka alikuwamo. Huko wote wawili walistawi. Kwa hiyo Laysan ilipokuwa jangwa, Midway kulikuwa na akiba. Mkimbiaji alipotoweka Laysan, ndugu zake wa Midway walikuwa bado wanakimbia majanini, na mtu angeweza kuwarudisha kwao nyasi zilipoota tena.

Hawakurudishwa. Vikaja Vita Vikuu vya Pili, Midway ikawa kambi ya jeshi la majini, na mwaka 1943 panya wakashuka kutoka melini. Panya si kama sungura, yeye hali nyasi tu. Anapanda kiotani akala mayai, akala makinda, na kwa ndege asiyeruka anamla hata mzazi. Mwaka 1944 ndiyo mara ya mwisho mkimbiaji wa Laysan kuonekana popote duniani. Chiriku wa Midway nao walikwisha katika kipindi hichohicho. Miaka zaidi ya 50 ya akiba iliisha ndani ya muda mfupi, na hakuna aliyewaleta panya wale kwa makusudi.

Tusione kwamba mambo haya ni ya Wazungu wa Pasifiki tu. Kunguru wanaotuibia samaki na vifaranga Unguja hawakuja wenyewe. Waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka hiyohiyo ya 1890, kwa nia njema ya kula taka za mji.

MBIGIRI NA MDOMO

Baada ya somo la Midway, chiriku wakawa wamebaki tena kisiwa kimoja. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ilimwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka huohuo chiriku 108 walichukuliwa wakapelekwa mahali paitwapo Pearl and Hermes, zaidi ya kilomita 400 kutoka Laysan. Hilo si jina la wenyeji. Pearl na Hermes ni meli mbili za Kiingereza za kuwinda nyangumi zilizokwama kwenye miamba hiyo mwaka 1822. Vijisiwa vyake ni vidogo mno, na vinakaribia kulingana na bahari. Miaka michache baadaye baadhi ya chiriku hao walihamishiwa vijisiwa vingine vya hapohapo, kila kimoja wachache tu.

Likatokea jambo ambalo halikutarajiwa. Mtaalamu Sheila Conant wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliwakamata ndege hao, akawapima midomo kwa milimita, akalinganisha na wale wa Laysan. Hata miaka 20 ilikuwa haijatimia vizuri tangu wahamishwe, na tayari midomo ilikuwa imeanza kutofautiana, hata kati ya kijisiwa na kijisiwa. Sababu iliyotajwa ni chakula. Huko kunaota mbigiri kwa wingi. Aliyewahi kukanyaga mbigiri bila viatu anajua ugumu wa ile miba, na mbegu zenyewe zimefungiwa ndani yake. Ndege ambaye umbo la mdomo wake linafaa kuipasua hupata kula, na asiye na mdomo huo hupata tabu. Mwenye kula vizuri ndiye anayelea makinda wengi, na makinda hurithi mdomo wa wazazi wao. Ongeza pia kwamba kundi lililoanzishwa na ndege wachache hubeba sura ya hao wachache, kama vile familia iliyohamia mji mwingine inavyoweza kujaza mtaa mzima watu wa pua moja.

KWA NINI ASIPELEKWE VISIWA VIKUBWA?

Swali hili ni la haki. Kama mababu zake waliishi Oahu na Molokai, ambako kuna milima, misitu na mvua, kwa nini asirudishwe? Jibu ni mdudu ambaye sisi hatuhitaji kuelezwa habari zake. Hawaii haikuwa na mbu mpaka mwaka 1826, walipoingia na mapipa ya maji ya meli. Baadaye ikaingia malaria ya ndege. Malaria hiyo si ile inayotuugua sisi, wala haimdhuru mtu, lakini ndege wa asili wa Hawaii hawakuwa na kinga nayo hata kidogo. Mbu mmoja anaweza kutosha kumuua ndege mmoja.

Mtaalamu Richard Warner, katika utafiti alioutoa mwaka 1968, alieleza jinsi chiriku wa Laysan walivyoletwa kwenye visiwa vikubwa wakiwa vizimbani. Waliowekwa nyuma ya chandarua walibaki wazima. Walioachwa wazi kwa mbu waliugua wakafa. Laysan haina malaria hiyo, na hivyo ule mchanga mkavu ambao ungedhani ni dhiki kwake, kwa upande mwingine ndio ngome yake.

HALI YAKE SASA

Idadi ya chiriku wa Laysan hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua na mbegu, lakini kwa makadirio ya kawaida ni kama 10,000. Kwa ndege aliyekuwa karibu kwisha mwaka 1923, hiyo ni idadi ya kushukuru. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na kazi kubwa ya kung'oa aina ya nyasi ngeni yenye miiba, iliyokuwa inasongoa yale mafungu anamojenga kiota. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 10 ya watu kutambaa na kung'oa kwa mkono. Mwaka 2006 vijisiwa vyote hivyo viliwekwa chini ya hifadhi moja kubwa ya bahari iitwayo Papahānaumokuākea, na mwaka 2010 UNESCO ikaitia katika Urithi wa Dunia.

Majirani zake nao wamepata nafuu. Bata 42 walipelekwa Midway mwaka 2004 na 2005, baada ya panya wa huko kumalizwa, wakazaliana. Na mahali pa yule mla wadudu aliyetoweka, mwaka 2011 na 2012 waliletwa ndege 50 wa aina ya karibu naye kutoka kisiwa cha Nihoa, wakakubaliana na kisiwa.

Kinachotia wasiwasi ni bahari yenyewe. Machi 2011 tetemeko la Japani lilisukuma mawimbi ya tsunami mpaka Laysan na Midway, na Midway peke yake makinda ya albatrosi zaidi ya 100,000 yalikufa. Oktoba 2018 kimbunga Walaka kilipita kwenye mstari huohuo wa visiwa, na kisiwa kimoja kiitwacho East Island kikasombwa karibu chote kwa usiku mmoja. Hicho kilikuwa cha mchanga kama Laysan, ingawa kidogo zaidi. Usawa wa bahari unapanda duniani kote, na kisiwa cha mita 12 hakina pa kurudi nyuma. Vijisiwa vya Pearl and Hermes, ambavyo havifiki hata mita 4, ndivyo vya kwanza kuhatarishwa. Kumpeleka chiriku Midway tena nako si jambo jepesi, maana mbu wapo, na huyu ni mla mayai katika visiwa vilivyojaa viota vya wengine.

Kwa sasa ulinzi mkubwa uko mlangoni. Anayepewa ruhusa ya kwenda kufanya kazi Laysan hawezi kushuka na nguo alizozivaa mjini. Nguo, viatu na hema lazima viwe vipya au viwe vya kutumika kisiwa hicho tu, na kabla ya safari hugandishwa ndani ya friza kwa saa 48 ili mbegu na mayai ya wadudu yaliyojificha kwenye mshono yafe. Mizigo hukaguliwa, ikafungwa kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, ikashushwa ufukweni kwa mashua. Na mara ndoo ya kwanza inapofunguliwa, chiriku huwa ameshafika, anarukaruka ukingoni na kutia kichwa ndani kutazama kama kimeletwa chochote cha kuliwa.